Wembe wa Mpiga Pasi

Katika karakana ile ya ushonaji kila kitu kilikuwa na mahali pake, na mahali pa mpiga pasi palikuwa nyuma kabisa, baina ya meza ndefu na dirisha lisilofunguka. Kila shati lilipita hapo kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Mpiga pasi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi hata anapotaja saa. Wateja walimwita Bwana Pasi, naye aliitika, maana kwa umri wake mtu haanzi tena ugomvi kwa sababu ya jina. Kazi yake rasmi ilikuwa kunyoosha nguo, kubandika vifungo na kukata nyuzi zilizoning'inia. Kazi yake isiyo rasmi ndiyo iliyomkosesha raha, na hiyo tutaifikia.

Mwenye karakana alikuwa dada yake mkubwa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, bila nyongeza, kana kwamba wengine wote wenye cherehani walikuwa wanajaribu tu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutosha chumba kimoja na nusu. Vipimo vya wateja alivitunza kichwani. Mtu akirudi baada ya miaka, Fundi alimtazama toka mlangoni tu akamwambia kiuno kimeongezeka, na mtu huyo, baada ya kubisha kidogo kwa heshima ya nafsi yake, alikubali.

Karakana ilikuwa na sheria moja: kosa linafumuliwa, halisemwi. Aliyeliona alifumue, mteja asijue, na ikiwezekana hata aliyekosea asikumbushwe. Sheria hiyo ilizaliwa siku ambayo Bwana Pasi, enzi za ujana wake, aliiacha pasi juu ya mgongo wa koti la bwana harusi akaenda dirishani kutazama watu wawili waliokuwa wakigombana barabarani. Ugomvi ulikuwa mzuri. Koti lilibaki na alama ya pasi iliyo kamili kila upande. Dada yake alilinusa, akaketi, akakata mgongo mpya na kuushona kabla bwana harusi hajafika. Bwana harusi alipouliza mbona mgongo unang'aa kuliko mbele, Fundi alimwambia amekilowesha kitambaa yeye mwenyewe, akaomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake. Kwa mdogo wake hakutoa neno la karipio, siku ile wala baadaye. Mtu asiyekaripiwa kwa jambo kubwa namna hiyo hubaki akilingoja karipio maisha yake yote.

Kwa hiyo alipoanza kuyaona makosa ya dada yake, alijua la kufanya, au alidhani anajua.

Lilianza tundu moja la kifungo lililotoka nje ya mstari. Kisha kola iliyolala upande. Kisha mkono wa shati ulioshonwa kinyume, mpasuko wa kifungo ukitazama mbele. Bwana Pasi alichukua wembe wake, nusu wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja usimkate, akafumua na kushona upya. Alifanya hivyo baada ya chakula cha mchana, wakati Fundi amelala nyuma ya pazia. Palikuwa na cherehani ya akiba ambayo haikuguswa siku nyingi. Aliitia mafuta isipige kelele. Mashine iliyotiwa mafuta kwa ajili ya siri hufanya kazi vizuri kuliko ile iliyotiwa mafuta kwa ajili ya kazi. Mishono yake ilitoka safi kiasi kwamba wateja wakaanza kusema Fundi anazidi kuiva kadiri anavyozeeka. Fundi aliyasikia hayo, na kwa kuwa yalikuwa mazuri, aliyaamini.

Hakuwa mtu wa kujidanganya kwa mengine. Alijua ana sukari, alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge vyake alivimeza asubuhi na jioni bila kukosa, kwa nidhamu ambayo angemtaka kila mteja awe nayo katika kuja kuchukua nguo. Ila sukari ilikuwa imegeuka mtumishi wa nyumba: lolote lililopotea, aliulizwa yeye. Miguu ikifa ganzi, sukari. Vidole vikichomachoma, sukari. Kuchoka, sukari. Ulimi ulipogeuka mwekundu na laini kama umepigwa msasa, hata chai ya moto ikamshinda, alisema hiyo labda ni pilipili, akaacha pilipili. Nyama, samaki, mayai na maziwa alikwisha kuviacha zamani, kwa ushauri wa mama mmoja kwenye foleni ya kliniki, mwenye mamlaka mengi na elimu ya kusikia, aliyemwambia kwamba kila kitokacho kwa mnyama kinapandisha sukari. Dada yetu alikula mboga na ugali kidogo, na akajisifu.

Mdogo wake aliyaona yote kwa jinsi mpiga pasi anavyoona, yaani kwa kutazama chini. Aliona kwamba Fundi hawezi tena kukanyaga cherehani bila kuitazama miguu yake, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia aitunze. Akahamisha taa, ikamulika kanyagio. Aliona anasahau vipimo. Mteja akiingia, Bwana Pasi alikohoa kule nyuma na kusema, kama anayewaza kwa sauti, kwamba mabega ya mzee huyu bado mapana vilevile. Asubuhi moja alisikia kishindo bafuni. Fundi alikuwa akinawa uso, amefumba macho kwa ajili ya sabuni, na alipofumba tu, alianguka. Alisema sakafu imeloa. Bwana Pasi akapeleka kiti bafuni na kusema ni cha kuwekea taulo. Kila alipoona ufa, alisimamisha kitu mbele yake. Wala hakuwa mnafiki. Aliamini kabisa kwamba huko ndiko kupenda.

Siku ya kliniki alimsindikiza kumbebea mkoba. Daktari alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kufikiria. Fundi alimwita mwanangu na kumwambia koti lake jeupe limekatwa vibaya mabegani. Daktari alicheka, akapima alichopima, akauliza habari za ganzi. Fundi akamjibu kwamba ganzi ni ya kawaida, wagonjwa wote wa sukari wanayo. Daktari akageuza kalamu ya kufikiria.

"Na kazi ya mikono inaendaje, mama? Sindano, vifungo? Hukosei?"

"Mimi?" alisema Fundi. "Sijawahi kushona vizuri kama siku hizi. Muulize huyu, kila nguo inapita kwake."

Daktari akamgeukia Bwana Pasi. Chumba kilikuwa kidogo, na ukutani palikuwa na picha ya mguu uliochorwa mishipa yake yote. Aliutazama ule mguu.

"Haina kasoro, daktari," alisema.

Daktari aliiweka kalamu mezani. Akasema basi ni sukari, waiangalie vizuri, warudi kama kawaida. Njiani kurudi Fundi alikuwa na furaha, akamnunulia mdogo wake chungwa. Alilimenya, akalila lote, maana kutolila kungehitaji maelezo.

Toka siku hiyo hamu ya chakula ilimpungua Bwana Pasi. Kabla ya hapo alikuwa mtu anayeficha nyuzi. Sasa alikuwa shahidi wa uongo. Alijiambia kwamba daktari ni msomi, angekuwa na shaka angepima. Alijiambia kwamba sheria ni ya dada mwenyewe. Alikuwa na majibu mengi, na kila moja lilimtosha mpaka alipoingia karakana asubuhi na kuuona mgongo ule mpana umeinama, macho miguuni.

Jambo lililomtoa huko lilitokea mchana, watu wakipita nje na mauzo yao. Fundi alikuwa akishona kola ya kitambaa cheupe. Cherehani ikagoma. Akasukuma kitambaa, hakikwenda. Akaona doa jekundu linatambaa pembeni, akauliza kwa ukali ni nani amemwaga kitu kwenye kitambaa cha watu. Bwana Pasi alikuja, akainama. Sindano ilikuwa imeingia katika kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto na kukifunga pale pale pamoja na kola, na Fundi alikuwa bado anasubiri kujibiwa.

Alizungusha gurudumu taratibu, akaitoa sindano, akakifunga kidole. Fundi alikitazama kidole kwa mshangao wa mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Halafu akasema sukari hii itanimaliza, akaomba kitambaa kingine.

Jioni ile Bwana Pasi alikusudia kusema. Alisimama karibu na cherehani ya dada yake, akafungua kinywa, akauliza kama afunge mlango wa mbele au wa nyuma kwanza. Kesho yake alikusudia tena, wakazungumza bei ya uzi. Basi akaamua kwa njia ya watu waoga, ambayo ni kuliachia jambo lijiseme lenyewe. Shati lililofuata hakulifumua. Alilinyoosha hivyohivyo, tundu moja juu, tundu moja chini, kola imekaa kama kofia ya mlevi, akalitundika mbele.

Shati lilikuwa la wakala wa bima, mtu nadhifu aliyeishi kwa kuwaeleza wenzake maafa yanayoweza kuwapata. Alilivaa mbele ya kioo. Akafunga vifungo, akafungua, akafunga tena. Upande mmoja wa shati ulikuwa umempanda hadi kifuani.

"Mama Fundi," alisema taratibu, "hivi nimepinda mimi au shati?"

Fundi alikuja, akatazama. Bwana Pasi, kule nyuma, alishika ukingo wa meza. Hapo ndipo alipongojea dada yake ajione. Fundi alivishika vifungo kimoja kimoja, akageuka, na macho yake yakamfikia mdogo wake yakiwa na huruma nyingi.

Kwani vifungo ni kazi ya nani pale, kama si ya Bwana Pasi? Na kola hupindishwa na nani, kama si na pasi? Fundi hakuhitaji kufikiri sana. Alimwomba radhi wakala, akaahidi shati jipya, na wakala alipoondoka alimsogelea mdogo wake akamwambia kwa upole, upole uliokuwa mbaya kuliko kofi, kwamba uzee hauna aibu, na kwamba amegundua zamani haoni vizuri ila hakutaka kumvunjia heshima.

"Kesho tunakwenda kupima macho yako," alisema. "Utavaa miwani, utapona. Si jambo la kujificha."

"Ndiyo, Dada," alisema Bwana Pasi. Ilimponyoka kwa mazoea.

Hivyo ndivyo alivyojikuta kwenye foleni ya kliniki akiwa mgonjwa. Dada yake alimshika mkono kwenye ngazi asije akakosa kidato, na wakati huohuo mwenyewe alikuwa akizitazama ngazi moja moja, akiinua mguu juu kuliko ilivyohitajika. Wapita njia wangeshindwa kusema nani anamwongoza nani. Yule mama mwenye mamlaka alikuwepo kwenye benchi, akampa Bwana Pasi ushauri juu ya karoti.

Daktari alikuwa yuleyule. Fundi alieleza habari yote: mdogo wangu macho yamekwisha, anaharibu kazi, ni aibu tu inamzuia kusema. Daktari alimwonyesha Bwana Pasi herufi ukutani. Alizisoma zote, mpaka zile za mwisho kabisa ambazo watu husoma kwa kubahatisha, na chini yake akasoma jina la kiwanda kilichochapa karatasi ile. Daktari akasema macho haya angeyaomba yeye mwenyewe. Fundi akakunja uso.

"Sasa kama unaona," alimuuliza mdogo wake, "mbona umelinyoosha shati la watu likiwa vile?"

Hapo hapakuwa tena na dirisha la kutazama nje.

"Daktari," alisema, "mgonjwa si mimi. Siku ile nilikudanganya." Akaendelea haraka, kabla ya sauti yake kugeuka. "Anakosea. Anakosea muda mrefu sasa. Mimi ndiye ninayefumua. Sindano imempita kidoleni hakusikia. Akifumba macho anaanguka."

Fundi aliuweka mkoba wake magotini, akaufunga zipu iliyokwisha kufungwa.

Daktari hakumlaumu mtu. Alimsimamisha Fundi, miguu pamoja, akamwambia afumbe macho, na yeye akasimama nyuma yake mikono wazi. Fundi alifumba macho na papo hapo akayumba kama nguo kwenye kamba, daktari akamdaka. Akamwomba atoe ulimi. Akautazama sana. Akashusha kope la chini, akaona weupe pale panapotakiwa wekundu. Akagusa kidole gumba cha mguu wake kwa chuma kinachotetemeka, akauliza kama anasikia mtetemo. Fundi alisema hasikii, kisha akauliza kama kweli kinatetemeka.

Akaulizwa anakula nini, na vidonge vile anavimeza tangu lini. Daktari akaeleza kwa maneno mepesi. Vidonge vya sukari vya aina ile ni vizuri, asiviache. Ila vikitumiwa miaka mingi huweza kuuzuia mwili kuchukua vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Na vitamini hiyo hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, yaani vilevile alivyoviacha. Mlango umebanwa, na nyuma yake hakuna anayebisha hodi. Mwili bila hiyo hupungukiwa damu, ulimi huvimba, kumbukumbu hulegea, na mishipa ya fahamu huanza kuharibika. Sukari nayo huleta ganzi, ndiyo maana ni rahisi kuipa lawama yote. Watachukua damu, na kwa hali anayoiona hatangoja majibu ndipo aanze sindano za vitamini hiyo.

"Vidole vitarudi?" aliuliza Fundi.

"Damu itarudi. Nguvu, ulimi, hata kichwa, tunategemea. Mishipa huchelewa, mama, na mingine hairudi yote. Inategemea imekaa hivyo muda gani. Tungelijua mara ile…" Daktari akaikatiza sentensi, kwa adabu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza: "Na mimi ningepaswa kupima bila hata kuuliza. Anayemeza vidonge hivi miaka mingi hupimwa."

Alikuwa amekusudia kumpunguzia mtu mzigo. Bwana Pasi aliisikia ile nusu ya kwanza tu. Wakati mwingine mtu akigawiwa hatia na wenzake, yake haipungui.

Majibu ya damu yalikuja kama daktari alivyodhani. Lakini kabla hayajaja, siku ileile ya kliniki, Fundi aliingia karakana akaketi bila kuvua viatu, akamwambia mdogo wake alete shati lolote lililo tayari. Akalileta. Akalitandika mezani.

"Nionyeshe langu."

Bwana Pasi hakuelewa, au alijitia hakuelewa.

"Mishono yangu. Ipi ni yangu hapa?"

"Umekata wewe, Dada. Mkato wote ni wako."

"Na kushona?"

Alilipekua shati muda mrefu. Alionyesha mshono mmoja wa ubavuni, kisha akauondoa mkono, kwa sababu nao aliurudia. Fundi alitikisa kichwa pole pole. Alisema alikuwa akijiuliza mbona amekuwa hodari hivyo. Kisha akasema sheria aliiweka mwenyewe, na akalikunja shati. Bwana Pasi angependa atukane. Alisimama pale akingoja, mikono nyuma, lakini Fundi alikwenda kulala.

Alipoamka alipita meza hadi meza akakusanya nyembe zote, hata ile nusu iliyofungwa kitambaa, akazitia kwenye kopo la biskuti chini ya cherehani yake. Atakayetaka kufumua, alisema, aje aombe. Na aseme kwa nini.

Sindano zikaanza, mwanzoni karibukaribu, baadaye kwa nafasi. Yai lilirudi mezani, na samaki, na maziwa kidogo. Yule mama wa foleni alipouliza, Fundi alimjibu kwa urefu, watu wa benchi la pili wakasikia. Ulimi ndio uliotangulia kupona, na mtaa ukajua. Uso ulipata rangi. Vipimo vya wateja vikarudi kichwani, na waliokuwa wamesifiwa mabega wakaambiwa tena habari za viuno vyao. Bafuni alinawa uso kwa mkono mmoja, wa pili kwenye kiti, ambacho sasa hakuna aliyedai ni cha taulo. Miguu ilimtii kwa kiasi. Mkono wa kulia ulikuwa ukiamka. Wa kushoto ulibaki nyuma, vidole viwili kama vimevaa glavu. Daktari alisema wasikate tamaa, wala wasiahidiane.

Karakana ikaendelea na kazi, polepole, na kwa muda Bwana Pasi hakuona kosa la kuombea wembe, au Fundi alikuwa akiyafumua mwenyewe. Hadi asubuhi moja wakala wa bima alipokuja kuchukua mashati yake mawili, lile jipya na la zamani lililoletwa kunyooshwa. Aliketi mbele kungoja. Nyuma, Bwana Pasi alilitandika jipya akaliona: tundu la tatu toka juu, nje ya mstari, kidogo tu. Mwenye macho ya kawaida asingeliona. Alilinyoosha akilizunguka. Akalinyoosha tena. Mkono wake ulikwenda wenyewe mahali wembe ulipokuwa ukikaa, ukakuta meza. Mteja alikuwa hatua chache tu. Shati la zamani lilikuwa tayari limetandikwa pembeni; akaiweka pasi chini, akalichukua jipya, akatembea mpaka mbele, safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya ndani ya chumba kile.

"Dada," alisema, "naomba wembe."

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio. Wakala akainua macho.

"Wapi?"

Akamwonyesha. Fundi hakuligusa tundu kwa vidole. Alilipitisha kwenye mdomo wa chini, taratibu, kama anayeonja uji wa mtoto, akalikuta. Akafungua kopo, akachukua wembe, akaanza kufumua mwenyewe.

"Kuna tatizo?" aliuliza wakala.

"Nimekosea," alisema Fundi.

Wakala, ambaye kwa kazi yake alikuwa na jibu la kila janga, alianza kutafuta jibu la hilo. Na kabla hajalipata, harufu ikatoka nyuma.

Bwana Pasi aliijua harufu ile kabla ya kugeuka. Pasi alikuwa ameiweka juu ya mkono wa shati la zamani. Aliinyanyua, akasimama mbele ya alama ile kamili, ya kahawia, akalibeba shati kwa mikono yote miwili mpaka mbele, akalilaza juu ya cherehani.

"Na mimi, Dada," alisema.

Ndipo alipokaripiwa. Alikaripiwa kwa sauti ya chumba kimoja na nusu, mbele ya mteja, mlango ukiwa wazi. Yalimo macho yake mazuri yasiyotazama anachofanya, yalimo mafuta ya cherehani ya akiba, ilimo kliniki na picha ya mguu, na katikati, bila kutarajiwa na mtu yeyote isipokuwa yeye, lilimo koti la bwana harusi. Aliinamisha kichwa akalipokea karipio lote. Alikuwa amelingoja toka ujanani, na alidhani likija atapata nafuu.

Fundi alipomaliza, alivuta pumzi, akaweka mkono wa kushoto juu ya alama ile kuona kama kitambaa kimeungua mpaka ndani. Mahali pale palikuwa bado na moto uliojificha ndani ya nyuzi; moshi mwembamba ulikuwa haujakatika. Mkono ulikaa. Fundi alikuwa akimweleza wakala namna watakavyobadili mkono wa shati, kwa utulivu kabisa, na mkono wake ukaendelea kukaa juu ya moto.

Bwana Pasi aliushika kwenye kiganja, akauinua, akaushikilia hewani. Fundi akaitazama mikono yao miwili, kisha alama, akaelewa. Hakuuvuta mkono wake kutoka kwa mdogo wake.